PADRI STEFANO KAOZE, MWANA WA ZIWA LETU
Ukumbusho kwa vijana wetu wa masomo makubwa



Katika siku hizi za Jubile tunamshukuru Mungu kwa mambo mengi. Tunamshukuru kwa ajili ya wamisionari waliovuka bahari na pori ili kutuletea Evanjili. Tunamshukuru kwa ajili ya makatekista waliotembea kwa miguu kutoka kijiji hata kijiji, mara nyingi bila mshahara, wakifundisha sala chini ya miti. Tunamshukuru kwa ajili ya akina mama wa parokia yetu waliobeba mawe na mchanga kichwani. Lakini liko kundi moja ambalo tunalisahau upesi katika sala zetu, nalo ni kundi la vijana wetu wanaofuata masomo makubwa mbali na nyumbani.

Hao tunawaona mara moja tu kwa mwaka, wakati wa likizo. Wanashuka kwenye lori au kwenye mtumbwi wa mashini, wamekonda, na mfuko wa vitabu mkononi. Tunawasalimu kwa furaha, tunawauliza watamaliza lini, na wao wanacheka kidogo bila kujibu. Hatujui kwamba swali hilo linawachoma moyo. Wengine wameshindwa mtihani, wanarudilia mwaka. Wengine wamemaliza mafundisho yote, imebaki memwari tu, lakini hawana franga za kuiandikisha na kuifunga. Wengine wamesikia habari ya vita nyumbani, na tangu siku hiyo macho yao yanasoma lakini roho yao haisomi tena. Kisha, mwaka mmoja, kijana anarudi Baraka na haondoki tena. Hakuna anayemfukuza masomoni. Anaacha mwenyewe, pole pole, kama moto unaokosa kuni.

Sisi tunaoandika kurasa hizi tumepita njia hiyo. Mmoja wetu alikaa miaka mitatu bila kugusa memwari yake, daftari zikiliwa na mchwa chini ya kitanda, na haya ikimzuia hata kusimama mbele ya Altare siku ya Dominika. Ndiyo sababu, tulipoulizwa kuandika maisha ya mtu mmoja mashuhuri kwa ajili ya kitabu hiki cha Jubile, hatukutafuta mbali. Tulimchagua mwana wa ziwa letu la Tanganyika, mtu aliyesoma kwa zaidi ya miaka 15 mahali ambapo hakuna mtu mweusi aliyekuwa amesoma hivyo mbele yake. Jina lake ni Padri Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati zetu.

1. MBEGU ILIYOPANDWA KANDO YA ZIWA

Ili kumjua Kaoze, yafaa kwanza kukumbuka jinsi imani ilivyofika pande zetu. Mwaka 1880 Mapadri Weupe, wana wa Kardinali Lavigerie, walifungua misioni yao ya kwanza ya ng'ambo hii ya ziwa huko Mulweba, katika nchi ya Masanze, hapa hapa kwetu. Mwaka 1883 wakajenga Kibanga. Siku zile biashara ya watumwa ilikuwa ikiharibu vijiji, na wamisionari waliwakomboa watoto wengi waliofungwa kamba na minyororo. Watoto hao ndio waliokuwa Wakristu wa kwanza wa pwani hii. Mapadri wengi walikufa kwa homa wakiwa bado vijana. Hata damu ilimwagika, kwa maana tarehe 4 Mei 1881, huko Rumonge ng'ambo ya Burundi, mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa.

Kibanga haikudumu. Ugonjwa na vita viliwachosha watu, na wengi wao walihamia upande wa kusini, mahali penye hewa nzuri zaidi, juu ya mlima wa Kirungu. Huko ndiko misioni ya Baudouinville ilipoanzishwa mwaka 1893, ambapo leo tunapaita Moba-Kirungu. Misioni ya Mpala ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa mapadri tangu mwaka 1885, ilipoachwa na Kapiteni Storms. Basi, mti wa imani uliopandwa kwetu Masanze na Kibanga ulikuja kuzaa tunda lake la kwanza la upadri kule kusini. Tunaposema Kaoze ni mwana wa ziwa letu, hatusemi hivyo kwa kujivuna bure. Maji yaliyomnywesha ndiyo yaliyotunywesha sisi.

2. MTOTO WA MARUNGU

Stefano Kaoze alizaliwa karibu na mwaka 1886 katika milima ya Marungu, kati ya Watabwa. Hakuna aliyeandika tarehe ya kuzaliwa kwake, kwani katika kijiji chake hapakuwa na kitabu wala kalamu. Alikulia kati ya watu waliolima, waliowinda, na waliokumbuka mambo ya kale kwa kinywa na kwa moyo. Tusidhani kwamba mtoto huyo alifika shuleni akiwa mtupu. Alikuwa na lugha ya mama yake, alikuwa na hadithi za wazee wake, alijua majina ya ukoo wake. Mambo hayo aliyachukua pamoja naye mpaka mwisho, na baadaye yalimfaa kuliko alivyoweza kufikiri.

Wakati ule aliyesimamia misioni zote za Kongo ya Juu alikuwa Monsinyori Victor Roelens, Mbeleji, aliyewekwa kuwa Askofu mwaka 1896. Mzee huyo alikuwa mkali, mtu wa amri na wa kazi, lakini alikuwa na wazo moja lililopita mawazo ya wenzake wengi. Aliamini kwamba Eklezya haiwezi kusimama katika Kongo ikiwa mapadri wote wanatoka Ulaya. Basi, akaagiza kwamba watoto wenye akili na moyo mwema wafundishwe kilatini huko Mpala, na baadaye huko Lusaka ya Marungu. Kaoze alikuwa mmoja wao.

Tufikirie kidogo kazi iliyomngojea. Mtoto huyo alisema Kitabwa. Alipaswa kujifunza Kiswahili ili asikilizane na wenzake waliotoka pande zote. Alipaswa kujifunza Kifaransa, lugha ya waalimu wake. Alipaswa kujifunza Kilatini, lugha ya vitabu vya filosofia na teolojia, lugha ambayo hakuna mtu aliyeisema sokoni wala shambani. Hakukuwa na kamusi ya kumvusha moja kwa moja kutoka lugha ya mama yake hata Kilatini. Kila neno alilibeba mwenyewe, kama mtu anayejenga daraja huku amesimama juu ya daraja lile lile.

3. KUBAKI PEKE YAKE

Mwaka 1905 Kaoze aliingia katika masomo ya seminari kubwa huko Baudouinville. Hapo ndipo sehemu ngumu ya maisha yake inapoanza, nasi tunataka kuikalia, kwa sababu ndiyo inayowahusu sana vijana wetu.

Wenzake walioanza pamoja naye waliacha mmoja mmoja. Wengine waliona njia ni ndefu mno. Wengine walitamani kuoa na kuzaa, jambo ambalo si dhambi, bali ni wito mwingine. Wengine waliitwa na jamaa zao, wengine walipata kazi. Kaoze akabaki. Katika darasa lililokuwa na watoto wengi, siku ilifika alipokaa peke yake mbele ya mwalimu.

Ndugu zetu, hatusemi jambo dogo. Mwanafunzi mwenye rafiki anaweza kuazima daftari, kuuliza maana ya neno, kucheka pamoja baada ya mtihani mbaya. Mwanafunzi aliye peke yake hana mtu wa kujipima naye. Akishindwa, anafikiri kwamba ameshindwa kwa niaba ya watu wake wote. Kwa Kaoze jambo hilo lilikuwa kweli kabisa, kwani wengi walikuwa wakimtazama. Wako Wazungu waliosema kwamba akili ya mtu mweusi haiwezi kufika katika filosofia, na kwamba Askofu anapoteza wakati na mali. Wako pia watu wa nyumbani walioona ajabu kwamba kijana mwenye nguvu anakaa na vitabu mwaka hata mwaka, hana mke, hana watoto, hana shamba. Huku wengine wakimwona kuwa chini mno kwa masomo hayo, na huku wengine wakiyaona masomo hayo kuwa si kitu kwa mtu mzima. Kaoze alisimama katikati ya pande mbili hizo.

Ni nini kilichomshika? Hatuwezi kuingia ndani ya moyo wake. Lakini tunajua jinsi siku za seminari zilivyokuwa, kwani mapadri wazee wa nchi yetu waliishi vivyo hivyo. Kabla ya jua kutoka, kengele. Kisha sala ya asubuhi, taamuli, Misa Takatifu. Kisha darasa. Kisha kazi ya mikono, jembe na ufagio, ili mwanafunzi asisahau jasho la baba yake. Kisha Rozari, kusoma tena, kupima dhamiri, na kulala. Siku ikifanana na siku. Katika mpango huo sala haikuwa dawa ya kumeza siku ya mtihani tu. Ilikuwa kama mpini wa jembe: bila mpini chuma ni kizuri, lakini hakilimi.

Kwa hiyo tunasema kwamba Kaoze hakubaki kwa sababu ya nguvu za ajabu. Alibaki kwa sababu ya mambo madogo aliyoyarudilia kila siku mbele ya Mungu. Anayeondoka kwa mtumbwi usiku haoni ng'ambo. Anapiga kasia tu, na asubuhi anaona mlima.

4. MAANDIKO YA SEMINARISTA

Akiwa bado katika masomo, Kaoze alifanya jambo ambalo hakuna Mkongomani aliyelifanya mbele yake. Aliandika kwa Kifaransa maandiko marefu juu ya akili, utashi na desturi za watu wake, nayo yalichapishwa katika gazeti la Ubelgiji liitwalo La Revue Congolaise, katika miaka ya 1910 na 1911. Jina la maandiko hayo ni La Psychologie des Bantu. Wenye elimu ya historia wanayahesabu kuwa mwanzo wa maandiko ya Wakongomani kwa lugha ya Kifaransa.

Tukumbuke miaka ile ilikuwaje. Kongo ilikuwa imetoka tu katika mikono ya mfalme Leopold II na kuingia katika mikono ya serikali ya Ubelgiji, mwaka 1908. Vitabu vingi viliandikwa juu ya mtu mweusi, lakini vyote viliandikwa na wengine. Mtu mweusi alipimwa, alihesabiwa, alielezwa, lakini hakuulizwa. Na sasa seminarista wa Marungu anashika kalamu na kuonyesha kwamba watu wake wanafikiri, wanachagua, wanatofautisha jema na baya, wanajua kuna Mungu, na wana adabu yao tangu zamani.

Hatutaficha kwamba katika maandiko hayo, hapa na pale, Kaoze anawapima watu wake kwa kipimo alichokipata kwa waalimu wake. Alikuwa kijana, na mwanafunzi husema kwa maneno aliyofundishwa. Lakini hata hivyo mlango ulikuwa umefunguliwa. Baadaye, akiwa padri, alirudi kwa wazee wa Watabwa, akakusanya habari za koo na za wakuu wa kale, akaziandika ili zisipotee. Yule aliyejifunza Kilatini hakuona haya kukaa mkekani na kuuliza habari za babu zake.

Hilo ni fundisho kubwa. Wako vijana wanaodhani kwamba kusoma ni kuvua nguo ya nyumbani na kuitupa. Wanarudi kijijini na kuwadharau wazee wasiojua kuandika jina lao. Kaoze alitumia masomo kuwapa wazee wake sauti. Kila mwanafunzi wetu anayeandika memwari juu ya mashamba ya mihogo ya Fizi, juu ya uvuvi wa ndagala, juu ya sheria za urithi kati ya Wabembe, au juu ya ugonjwa wa watoto katika vijiji vyetu, anafanya kazi ya namna ile ile. Asifikiri kwamba habari za kwao ni ndogo, hazifai kuandikwa.

5. VITA NA UPADRISHO

Masomo ya Kaoze hayakuisha katika amani. Mwaka 1914 vita kuu ya kwanza ilianza Ulaya na ikafika mara moja katika ziwa letu. Wajerumani walishika ng'ambo ya mashariki, Wabeleji ng'ambo ya magharibi. Meli za Wajerumani zilitawala maji, mpaka Waingereza walipoleta mashua mbili ndogo za vita kutoka mbali sana, wakizivuta nchi kavu kupita milima ya Katanga. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliteka meli moja, na mwanzoni mwa 1916 zikazamisha nyingine. Meli kubwa iitwayo Graf von Götzen ilizamishwa na Wajerumani wenyewe katika mwezi wa Julai 1916 ili isitekwe. Baadaye iliinuliwa, na ndiyo ile ambayo wazee wetu waliijua kwa jina la Liemba. Watu maelfu walichukuliwa kubeba mizigo ya askari mpaka Tabora, na wengi hawakurudi.

Katika miaka hiyo ya baruti na njaa, huko Kirungu juu ya ziwa lile lile, kijana mmoja alikuwa akisoma teolojia. Tunaomba vijana wetu wa Fizi na Baraka walitazame sana jambo hilo. Ninyi pia mmesoma katika vita. Wazee wenu walikimbia mwaka 1964, wakati wa uasi. Ninyi wenyewe, au wakubwa wenu, mlikimbia tangu mwaka 1996, mkavuka ziwa, mkaishi katika makambi ya wakimbizi huko Tanzania, mkajifunza kusoma chini ya hema. Mara nyingi tunasikia kijana akisema moyoni kwamba atasoma vita vikiisha. Kaoze hakungoja. Laiti angengoja amani kwanza, Kongo ingekawia tena kupata padri wake.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Stefano Kaoze alipewa Daraja Takatifu la upadri. Katika ufalme wa Kongo wa zamani, upande wa bahari ya magharibi, walikuwako mapadri weusi, hata askofu mmoja, mwana wa mfalme, katika karne ya 16. Lakini mfululizo huo ulikatika. Kwa Kongo ya nyakati zetu Kaoze ndiye wa kwanza. Wala hakuwa peke yake katika Afrika yetu ya maziwa: Uganda ilipata mapadri wake wawili wa kwanza mwaka 1913, na Rwanda ilipata wawili wa kwanza katika mwezi wa Oktoba wa mwaka ule ule wa 1917. Miaka miwili baadaye, mwaka 1919, Baba Mtakatifu Benedikto XV aliandika barua kwa Eklezya nzima, akiwaagiza wamisionari popote walipo walee mapadri wa nchi, tena walioelimishwa kikamilifu, si wasaidizi wa kuwekwa nyuma. Neno ambalo Baba Mtakatifu aliliagiza kwa ulimwengu, kando ya ziwa Tanganyika lilikuwa limekwisha kuanza kutendeka.

6. MATUNDA YA MASOMO

Mwaka 1920 Padri Kaoze alisafiri pamoja na Monsinyori Roelens mpaka Ulaya. Wabeleji waliona kwa macho yao padri mweusi akisoma Misa kwa Kilatini na kusema Kifaransa safi. Wengi walishangaa, na sisi leo tunaweza kushangaa kwa kushangaa kwao. Lakini yeye hakubaki huko kutafuta sifa. Alirudi kwa watu wake.

Akafanya kazi katika misioni, akafundisha, akabatiza, akaungamisha, akatembelea wagonjwa. Katika miaka ya 1930 aliwekwa kusimamia parokia ya Qui-si-sana, parokia iliyotolewa mikononi mwa mapadri Wakongomani. Kwetu leo jambo hilo si la ajabu; parokia zetu zote zina mapadri wa nchi. Wakati ule lilikuwa kama mtihani mwingine, kwani watu walingoja kuona kama kazi itaanguka. Haikuanguka.

Baada ya vita kuu ya pili Padri Kaoze aliitwa kuwa mmoja wa Wakongomani wa kwanza kukaa katika Baraza la Serikali ya koloni, huko Léopoldville. Alikuwa mzee tayari. Alikaa kati ya wakubwa wa serikali na wa makampuni, yeye mtoto wa Marungu, ili asemee watu wasiokuwa na kiti pale. Monsinyori Roelens alifariki mwaka 1947. Padri Kaoze alimfuata mwaka 1951.

Hakuona uhuru wa mwaka 1960. Hakuona universite ya Lovanium ikifunguliwa mwaka 1954, wala ile ya Elisabethville mwaka 1956. Mwaka huo wa 1956 Thomas Kanza alimaliza masomo yake huko Louvain, akawa mlei wa kwanza wa Kongo kupata diplome ya universite. Hakuona jimbo letu la Uvira likizaliwa mwaka 1962. Yote hayo yalikuja baada ya kaburi lake. Alilima shamba, wengine wakavuna.

7. NENO KWA WANAFUNZI WETU

Vijana wapendwa, mnaosoma Uvira, Bukavu, Lubumbashi, Kinshasa, Bujumbura, na ninyi mnaojiandaa kwa lisansi au doktora katika miji ya mbali zaidi, maisha hayo hatukuyaandika ili ninyi nyote mwe mapadri. Tumeyaandika kwa ajili ya mambo matatu.

La kwanza ni hili: masomo yenu ni wito. Mtu anaposoma namna ya kutibu, namna ya kujenga, namna ya kuhukumu kwa haki, anaitikia mwito wa Mungu aliyempa akili. Ng'ambo ya pili ya ziwa, huko Karema, waliishi naye Adriano Atiman, mtoto aliyeibwa na kuuzwa utumwani kando ya mto Niger, akakombolewa na wamisionari, akasomea uganga katika kisiwa cha Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alitibu watu wa ziwa mpaka alipofariki mwaka 1956, miaka zaidi ya 60. Hakuwa padri, alikuwa mume na baba, katekista na mganga. Kaoze kwa Altare, Atiman kwa dawa: wote wawili walimtumikia Bwana mmoja. Yule mtumishi wa Evanjili aliyeficha talanta yake ardhini hakuiba kitu. Kosa lake lilikuwa hofu. Msifiche talanta yenu kwa sababu ya hofu.

La pili: msiaibike na ukawio wenu. Aliyerudilia mwaka hajafa. Ambaye memwari yake imelala, ailamshe: aandike leo ukurasa mmoja, kesho ukurasa mmoja. Yule wa kwetu tuliyemtaja mwanzoni alimaliza. Hakupata mfadhili mkubwa. Siku moja, baada ya kuungama, padri alimpa kitubio cha ajabu kidogo, kwamba kila jioni baada ya sala akae nusu saa mbele ya daftari zake, hata kama haandiki neno. Juma la kwanza alikaa tu. Juma la pili akaandika. Baada ya mwezi wa saba akasimama mbele ya waalimu wake kuitetea kazi yake.

La tatu: sala haichukui nafasi ya kazi. Wako wanaofunga na kukesha kabla ya mtihani, nao hawajafungua daftari tangu Pasaka. Tena wako wanaotafuta njia ya mkato, kununua alama, kutoa rushwa, hata kuuza heshima ya mwili. Kaoze alikaa peke yake mbele ya mwalimu. Hapakuwa na mtu wa kumnakilia. Diplome inayopatikana kwa uongo itatibu wagonjwa kwa uongo na kujenga madaraja kwa uongo. Mwombeni Roho Mtakatifu, kisha fungueni daftari.

8. NENO KWA WAZAZI NA KWA PAROKIA

Hatuwezi kuwabebesha vijana mzigo wote. Kaoze alikuwa na mtu aliyemwamini: mzee Roelens aliendelea kumfundisha hata alipobaki mmoja. Askofu mwingine angeweza kufunga darasa na kusema kwamba gharama ni kubwa kwa mtu mmoja. Hakulifunga. Je, sisi tutafunga?

Akina mama wa Baraka wanaouza ndagala na mawese ili kulipa minervali, tunawaheshimu kama wafadhili wa Eklezya. Akina baba, msikatishe masomo ya binti ili kulipia ya mvulana. Viongozi wa jumuiya zetu, watajeni wanafunzi wetu katika sala za waamini, kwa majina yao, hasa majuma ya mitihani. Waandikieni. Aliyerudi nyumbani bila diplome, msimwulize atamaliza lini. Mwulizeni kwanza amekula nini, kisha muulize anahitaji nini.

Parokia yetu inafanya Jubile, na jubile katika Maandiko Matakatifu ni mwaka wa kuwafungua waliofungwa na kuwarudishia watu kilichopotea. Kuna vijana kati yetu waliopoteza tumaini la masomo yao. Kama katika mwaka huu watatu tu kati yao watarudi kwenye vitabu kwa msaada wetu, tutakuwa tumejenga kitu kinachodumu kuliko kuta tulizopaka chokaa kwa ajili ya siku kuu.

Ee Mungu Baba, uliyemshika mkono Stefano Kaoze katika miaka mirefu ya kusoma peke yake, uwashike na wana wetu. Uwape akili ya kuelewa, uvumilivu wa kurudilia, na moyo wa kurudi kwa watu wao. Kwa maombezi ya Bikira Maria, Kiti cha Hekima. Amina.